Biskuti zisizo na gluteni

Biskuti zisizo na gluteni ni biskuti zinazookwa bila unga wa ngano, shayiri, rai au nafaka nyingine yenye protini ziitwazo kwa pamoja gluteni. Badala yake hutumika unga wa ulezi, mtama, mchele, mahindi, muhogo au dengu. Nyingine hazina unga wowote: siagi ya karanga, korosho, lozi au ufuta ndiyo inayoshikamanisha donge, pamoja na yai. Aina inayopendwa na wanaojali lishe huongezwa mbegu, kama vile ufuta, mbegu za maboga na za alizeti, na hutiwa sukari kidogo kuliko biskuti za kawaida.

Kwa watu wengi biskuti hizi ni kitafunwa kama kingine. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ni biskuti pekee anazoweza kula bila kuumiza utumbo wake. Kwa sababu hiyo mwokaji hujiuliza maswali mawili: ni kitu gani kitachukua nafasi ya gluteni, na je, gluteni haikuingia kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia mashine ya kusagia, ubao au kijiko?

Gluteni na kazi yake

Gluteni ya ngano hutokana na makundi mawili ya protini, gliadini na glutenini. Unga unapotiwa maji na kukandwa, protini hizo huungana na kufanya utando unaovutika. Utando huo hunasa hewa inayotolewa na hamira. Ndiyo maana mkate huumuka na chapati husukumwa bila kukatika. Shayiri na rai zina protini za jamii hiyohiyo, ingawa haziumui donge vizuri kama ngano.

Katika biskuti kazi ya gluteni ni ndogo. Donge la biskuti lina mafuta na sukari nyingi na maji machache, na hali hiyo huzuia utando usikue. Waokaji wa biskuti za ngano hata huonywa wasilikande donge sana ili biskuti zisiwe ngumu. Hivyo biskuti ni rahisi kuokwa bila ngano kuliko mkate. Kinachokosekana si uwezo wa kuumuka, bali kitu cha kushika punje pamoja zisimomonyoke.

Watu wanaozihitaji

Ugonjwa wa siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, baada ya mtu kula gluteni, hushambulia utando wa ndani wa utumbo mwembamba. Vijinyweleo vinavyofyonza chakula husinyaa, na mwili hushindwa kupata virutubishi vya kutosha. Dalili zake ni pamoja na kuharisha, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, upungufu wa damu, mifupa dhaifu na watoto kudumaa. Wagonjwa wengine hupata vipele vyenye mwasho mkali, na wengine hawana dalili za tumbo kabisa.

Ugonjwa huu hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, na hutegemea kwa sehemu urithi. Katika Afrika umejulikana sana miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara ya Magharibi: uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 5 ya watoto wao waliopimwa walikuwa nao. Hauna dawa ya kuuponya. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Watu wengine huepuka ngano kwa sababu ya mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa tofauti, au kwa sababu hupata maumivu baada ya kuila ingawa hawana siliaki. Mtu anayeshuku kuwa na siliaki hushauriwa kupimwa kabla ya kuacha gluteni. Akiacha mapema, kingamwili hupungua katika damu na utumbo huanza kupona, hivyo vipimo vinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa.

Historia

Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza ugonjwa wa siliaki kitaalamu mwaka 1888 na kusema kwamba, kama mgonjwa anaweza kuponywa, ni kwa njia ya chakula. Hata hivyo hakujua ni chakula kipi kinachodhuru. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza lishe ya ndizi, na watoto wengi walipata nafuu. Ndizi zilisifiwa kama dawa, kumbe nafuu ilitokana na kutokula mkate.

Aliyepata jibu ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi. Alikuwa akishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uholanzi ilikumbwa na njaa na mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki walipata nafuu, na hali zao zikawa mbaya tena mkate uliporudi. Dicke alieleza matokeo ya utafiti wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Tangu hapo kuoka bila ngano kukawa sehemu ya matibabu.

Vitafunwa visivyo na ngano vilikuwepo zamani kabla ya elimu hiyo. Nchini Iran huokwa biskuti za unga wa mchele ziitwazo nan-e berenji na za unga wa dengu ziitwazo nan-e nokhodchi. Wayahudi huoka biskuti za lozi au nazi wakati wa Pasaka yao, ambapo unga wa kawaida wa ngano hautumiki. Nchini Marekani, George Washington Carver alitoa mwaka 1916 kijitabu chenye mapishi 105 ya karanga, yakiwemo ya biskuti. Desturi ya kubonyeza biskuti za siagi ya karanga kwa uma ilienea huko katika miaka ya 1930. Donge hilo ni zito, na likibonyezwa huiva sawasawa.

Viungo

Siagi ya karanga na jamii yake

Siagi ya karanga hufanya kazi tatu kwa pamoja: mafuta yake hulainisha biskuti, protini zake hugandisha donge linapopata moto, na chembechembe zake huchukua nafasi ya unga. Inayofaa ni ile ya karanga zilizokaangwa na kusagwa bila sukari wala mafuta mengine. Mafuta yake yakielea juu ya chupa, hukorogwa hadi yachanganyike. Yakimwagwa, biskuti huwa kavu na kupasuka.

Siagi ya korosho ni tamu na laini zaidi. Tahina, yaani ufuta uliosagwa, ni nyepesi na ina uchungu kidogo, kwa hiyo huhitaji unga zaidi. Siagi ya mbegu za alizeti huwafaa watu wenye mzio wa karanga.

Mbegu

* Ufuta, uitwao pia simsim, una gramu 18 hivi za protini katika gramu 100. Ukiwa na maganda yake una kalisi nyingi, karibu miligramu 975 katika gramu 100, lakini sehemu kubwa imefungwa na oksalati na mwili hauipati yote. Ufuta uliokobolewa una kalisi kidogo tu.
* Mbegu za maboga zina gramu 30 hivi za protini katika gramu 100, pamoja na magnesi, zinki na chuma.
* Mbegu za alizeti ni chanzo kizuri cha vitamini E.
* Mbegu za kitani na za chia zina nyuzinyuzi nyingi na mafuta ya omega-3. Za kitani husagwa kwanza, kwa kuwa zikimezwa nzima hupita tumboni bila kumeng'enywa vizuri.

Mbegu hukaangwa kidogo bila mafuta, dakika 3 hadi 5, hadi zitoe harufu. Huachwa zipoe kabla ya kutiwa kwenye donge.

Unga

* Ulezi, uitwao wimbi nchini Kenya, hutoa biskuti nyeusi kidogo zenye ladha ya nafaka iliyokaangwa. Una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida.
* Mtama hutoa ladha tulivu, lakini unga wake usiposagwa laini huacha chenga mdomoni.
* Mchele hutoa biskuti nyeupe zinazovunjika kwa urahisi na zenye chenga kama za mchanga.
* Muhogo una wanga unaovutika na hushikilia nafaka nyingine. Unga wake sharti utokane na muhogo uliotayarishwa vizuri, hasa ule mchungu, ambao una viini vinavyotoa sianidi.
* Dengu zina protini nyingi, lakini donge lake bichi lina harufu kali ambayo hupungua likiiva.

Waokaji wengi huchanganya unga wa aina mbili, kwa mfano sehemu 3 za ulezi na sehemu 1 ya muhogo: mmoja huleta ladha, mwingine hushikamanisha. Oti haina gluteni ya ngano na wagonjwa wengi wa siliaki huivumilia, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Hutumika tu ile iliyothibitishwa kuwa safi.

Vishikizi na utamu

Yai ndilo kishikizi cha kawaida. Wasiokula mayai hutumia kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa, zikichanganywa na vijiko vitatu vikubwa vya maji na kuachwa dakika 10 hadi zitoe ute. Ndizi mbivu iliyopondwa hushikamanisha na kuongeza utamu, ila biskuti huwa laini kama keki. Kwa utamu hutumika sukari, sukari guru, asali au tende zilizosagwa.

Namna ya kuoka

Vipimo vifuatavyo hutoa biskuti 24 hivi:

* siagi ya karanga isiyo na sukari, gramu 250
* sukari au sukari guru iliyopondwa, gramu 100
* yai 1
* unga wa ulezi, gramu 60
* ufuta, gramu 40
* mbegu za maboga zilizomenywa, gramu 40
* mbegu za alizeti zilizomenywa, gramu 30
* baking soda, nusu kijiko cha chai
* chumvi, robo kijiko cha chai

Siagi ya karanga hukorogwa pamoja na sukari na yai hadi mchanganyiko uwe laini. Unga, baking soda na chumvi huchanganywa pembeni, kisha hutiwa na kukorogwa kwa mwiko. Mbegu hutiwa mwisho. Donge hufunikwa na kuachwa dakika 30. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa unga wa ulezi hunywa maji polepole, na ukiokwa kabla ya kulainika biskuti hubaki na chenga.

Baada ya hapo donge hugawanywa katika viduara vya ukubwa wa limau dogo, hupangwa kwenye sinia iliyotandikwa karatasi ya kuokea na kubonyezwa kwa uma hadi unene wa sentimita 1. Huokwa katika oveni yenye joto la 175 °C kwa dakika 10 hadi 12, mpaka kingo zianze kubadilika rangi.

Zinapotolewa huwa laini sana na huonekana kama hazijaiva. Hazina gluteni ya kuzishika zikiwa moto. Hukazika sukari na wanga vinapopoa. Huachwa juu ya sinia dakika 10 bila kuguswa. Mtu anayezirudisha motoni kwa kuona kwamba ni laini, hupata biskuti ngumu na chungu, kwani karanga huungua haraka.

Pasipo na oveni, hutumika sufuria kubwa nzito yenye mchanga mkavu au mawe madogo chini. Sinia ndogo huwekwa juu yake, sufuria hufunikwa, na makaa huwekwa chini na juu ya kifuniko. Makaa ya chini huwa machache kuliko ya juu ili biskuti zisiungue upande mmoja.

Biskuti zilizopoa huhifadhiwa katika chombo kisichoingiza hewa na hudumu wiki moja hivi. Mafuta ya mbegu huchacha yakikaa mahali pa joto, na hugunduliwa kwa harufu yake kali.

Matatizo ya kawaida

* Kumomonyoka: unga ni mwingi, au yai ni dogo. Kijiko kimoja au viwili vya maji au ute wa mbegu za kitani husaidia.
* Kutanda na kuwa bapa: siagi ina mafuta mengi au donge lina joto. Donge hupozwa kwanza, au huongezwa unga kidogo.
* Kugeuka kijani ndani: hutokea hasa penye siagi ya mbegu za alizeti. Asidi ya klorojeni iliyomo katika alizeti hubadilika rangi ikikutana na baking soda. Biskuti hizo si mbovu na zinaweza kuliwa. Kupunguza baking soda au kutia maji kidogo ya ndimu huzuia hali hiyo.

Kuzuia gluteni isiingie

Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 za gluteni katika kilo 1. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya hutumia kiwango hichohicho. Kiasi hicho ni kidogo sana, kwa hiyo vumbi la ngano katika jiko linaweza kukizidisha.

Njia kuu ambazo gluteni huingilia ni hizi:

* Mashine ya kusagia. Ulezi uliosagwa mara baada ya ngano hutoka na mabaki yake. Familia yenye mgonjwa hutafuta mashine isiyosaga ngano, au husaga nyumbani kwa kinu au blenda.
* Vyombo vya mbao. Ubao wa chapati, mpini na mwiko hushika unga katika nyufa na havisafishiki kabisa. Vya kuokea biskuti hizi hutengwa.
* Chekecho, ambalo huhifadhi unga katika matundu yake.
* Chupa ya siagi ya karanga. Kisu kilichopakia mkate kikirudi chupani huacha makombo. Chupa ya mgonjwa huwekwa alama.
* Hewa. Vumbi la ngano hukaa hewani kwa muda baada ya kuchekechwa, kwa hiyo biskuti za mgonjwa huokwa kwanza, au siku nyingine.
* Viungo vya dukani. Kimea cha shayiri, semolina na bulga vyote vina gluteni. Kwa upande mwingine, kimea cha ulezi au mtama hakina gluteni.

Moto wa oveni hauondoi gluteni. Biskuti iliyochafuliwa hubaki na madhara hata ikiiva vizuri.

Lishe

Kwa vipimo vilivyotajwa, biskuti moja ina kilokalori 115 hivi, gramu 4 za protini na gramu 4 za sukari iliyoongezwa. Mafuta yake mengi ni yale yasiyo mazito, ambayo kwa moyo ni bora kuliko ya samli au siagi ya maziwa.

Hata hivyo kukosa gluteni peke yake hakuifanyi biskuti kuwa bora kwa afya. Biskuti nyingi za viwandani za aina hii hutengenezwa kwa wanga mtupu wa mahindi au mchele, na ili zipate ladha hutiwa sukari na mafuta mengi. Huwa na nyuzinyuzi na vitamini chache. Faida ya biskuti za mbegu hutokana na mbegu zenyewe na unga usiokobolewa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu anayekula kilokalori 2000. Asali huhesabiwa pamoja na sukari hiyo. Mtu akila biskuti 6 za aina hii ameshafikia karibu nusu ya kiwango.

Tahadhari nyingine

Karanga, korosho, lozi na ufuta vinaweza kusababisha mzio, mara nyingine wa kuua. Anayegawa biskuti hizi shuleni au kwenye sherehe hutakiwa kutaja viungo vyake vyote, maana kinachomfaa mgonjwa wa siliaki kinaweza kumwangusha mwenye mzio wa karanga.

Karanga zilizohifadhiwa penye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na kusababisha saratani. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuoka hakuiondoi yote, na karanga zikishasagwa kuvu hawaonekani tena. Kwa hiyo karanga huchaguliwa kabla ya kukaangwa: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu hutupwa.

Watoto walio chini ya miaka 5 hawapewi karanga nzima kwa sababu wanaweza kupaliwa. Biskuti zao hutiwa mbegu zilizosagwa. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Katika Afrika Mashariki

Viungo vyote vikuu hulimwa katika eneo hili. Ufuta na korosho hulimwa kwa wingi katika mikoa ya Lindi na Mtwara nchini Tanzania. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi husaga karanga na simsim pamoja kupata odii, ambayo hutumika katika mboga na inaweza kuchukua nafasi ya siagi ya karanga katika biskuti. Ulezi na mtama ni nafaka za zamani katika sehemu nyingi za eneo.

Ugali wa mahindi, wali, muhogo na ndizi havina gluteni kwa asili, lakini vitafunwa vya chai vilivyozoeleka, yaani chapati, maandazi, mkate na biskuti za dukani, karibu vyote ni vya ngano. Mgonjwa wa siliaki kwa kawaida hapati shida kubwa wakati wa chakula cha mchana. Shida yake ni chai ya asubuhi, safari na sherehe. Kashata za karanga, ufuta au nazi, ambazo kwa kawaida hazitiwi unga, ni kitafunwa cha pwani kinachomfaa, ingawa zina sukari nyingi. Biskuti za ulezi na mbegu humpa chaguo lenye sukari pungufu ambalo anaweza kubeba na kula pamoja na wenzake.

Tazama pia

* Gluteni
* Kashata
* Karanga
* Ufuta
* Ulezi
* Sumukuvu